Kusoma Silaha za Ajabu katika Michoro ya Enzi za Kati

Mwanafunzi wa fasihi amezoea kuhakiki maneno. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mchoro nao ni matini, na unahitaji uhakiki uo huo. Mfano wetu ni Biblia ya Morgan, mswada uliochorwa Ufaransa katikati ya karne ya 13. Sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika Maktaba ya Morgan, New York.

Katika vita vya Agano la Kale vilivyochorwa humo, baadhi ya askari wameshika silaha ngeni: mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili, na bapa pana mithili ya kisu cha mchinjaji. Hakuna silaha halisi ya umbo hilo iliyosalia. Je, ilikuwapo, au ni ubunifu wa msanii?

Kwanza, tuchunguze vitu vinavyoandamana nayo. Deraya za pete za chuma, kofia za vita na matandiko ya farasi ni vya karne ya 13. Mchoraji aliwavika Waisraeli mavazi ya zama zake. Kwa hivyo, michoro hii si ushahidi wa enzi ya Mfalme Sauli, bali ya mchoraji mwenyewe.

Pili, tutafute ushahidi nje ya matini. Panga pana zenye makali upande mmoja zilichorwa pia katika karne hiyo. Hizo zingeweza kudhaniwa njozi lau usingesalia upanga wa Conyers, ulioko Durham, Uingereza. Chuma huliwa na kutu, au hufuliwa upya kikawa kitu kingine. Kutoonekana si kutokuwapo.

Tatu, tutenganishe umbo na athari. Mswadani, panga hupasua kofia za chuma kana kwamba ni maboga. Hiyo ni chuku, mbinu tuijuayo vyema katika tendi. Hata hivyo, chuku katika pigo haibatilishi umbo la silaha.

Kwa kuhitimisha, mkono uliochora deraya kwa uangalifu hivyo unastahili kusikilizwa unapochora silaha tusiyoijua. Lakini kusikilizwa si kuthibitishwa. Anayeamini kila mchoro huandika historia ya uongo. Anayekataa kila asichokizoea huenda akafuta kazi ya wahunzi waliopata kuishi. Mhakiki hana budi kupima kabla ya kuhukumu.