MSHAIRI WA UJIJI: SOMO JUU YA SHEIKH KALUTA AMRI ABEDI



Sisi wa darasa la sita tumechagua somo la mtu mmoja ambaye jina lake halimo katika vitabu vyetu vya historia. Wengine watauliza: tutamsoma Mwislamu wa Tanganyika juu ya nini, sisi wanafunzi wa shule ya Kiprotestanti ya Bukavu? Tunaomba msome mpaka mwisho, kisha mtaamua wenyewe.

1. Ujiji si mbali

Mto Ruzizi unatoka katika ziwa letu hapa Bukavu, unashuka mpaka Uvira, unaingia Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa lile, upande wa mashariki, kuna mji wa Ujiji. Ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Watu wengi wa Maniema, ndugu zetu wa upande huu, walihamia pale zamani, na watoto wao wakazaliwa wakisema Kiswahili.

Katika mji huo alizaliwa Kaluta Amri Abedi, mwaka 1924. Alikuwa Mwislamu wa jumuiya ya Ahmadiyya, akawa mhubiri wao. Alimsaidia Sheikh Mubarak Ahmad katika kazi ya kutafsiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka mwaka 1953. Mtu anayetafsiri kitabu cha dini anapima kila neno kama dhahabu. Wazee wetu waliotafsiri Biblia waliijua taabu hiyo, nasi tunaifahamu.

2. Mwaka 1954

Tushike mwaka huu vizuri. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam, Julius Nyerere akiwa kiongozi, ili kudai uhuru wa Tanganyika. Mwaka huohuo kilichapwa kitabu cha Amri Abedi kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sehemu ya kwanza inafundisha namna ya kutunga, sehemu ya pili ni mashairi yake mwenyewe.

Mtu anaweza kucheka: wenzake wanadai uhuru, yeye anahesabu silabi! Lakini tufikiri. Wakati ule, katika Baraza la kutunga sheria la Tanganyika, lugha ya wakubwa ilikuwa Kiingereza, kama hapa kwetu ilivyokuwa Kifaransa. Kiswahili kilikuwa cha sokoni na cha kupokea amri. Amri Abedi akaonyesha kwa maandishi kwamba lugha hii ina sheria zake, sheria ambazo hakuna gavana aliyezitunga. Zilitoka kwa washairi wa pwani, watu kama Muyaka wa Mombasa, aliyeishi kabla ya serikali ya kikoloni kufika. Watu wenye sheria yao ndani ya lugha yao, ni nani atawaambia kwamba hawawezi kujitungia sheria za nchi?

3. Sheria zenyewe

Shairi la kawaida lina ubeti wa mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, nane mbele na nane nyuma. Katikati kuna kina, na mwisho kuna kina. Sisi wenyewe tumetunga mishororo miwili ili mwone:

Ruzizi mto mrefu, washuka toka Bukavu,
Hauchoki si dhaifu, wala hauna uvivu.

Haya, tuhesabu pamoja kwa vidole: Ru-zi-zi-m-to-m-re-fu. Nane. Angalieni ile m ya «mto» na ya «mrefu»: inasimama peke yake na inahesabiwa. Kina cha kati ni fu, cha mwisho ni vu. Mkibadilisha «mrefu» muandike «mkubwa», mizani inabaki nane lakini kina kimekufa. Mkiandika «wala hauna hata uvivu», kina kipo lakini mizani imezidi. Basi mtunzi anatafuta neno mpaka linalofaa lipatikane, na katika kutafuta anajifunza utajiri wa lugha yake.

4. Shairi na siasa

Tanganyika ilikuwa na makabila zaidi ya 100. TANU ilihitaji lugha moja ya kusema na wote. Tena watu walikuwa na desturi nzuri: makarani, walimu na wachuuzi walipeleka mashairi yao kwenye magazeti kama Mambo Leo, wakajibizana humo. Saadani Kandoro, mmoja wa waanzilishi wa TANU, naye alikuwa mshairi. Shairi lenye vina linashikwa na kichwa upesi. Hata asiyejua kusoma analisikia mara mbili, anakwenda nalo nyumbani.

Mwaka 1960 Amri Abedi alichaguliwa meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Ni mwaka uleule sisi tulipopata uhuru, tarehe 30 Juni. Tanganyika ikafuata tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Aliyeandika sheria za mashairi akakabidhiwa sheria za nchi! Lakini hakukaa sana. Alifariki Ujerumani Magharibi, Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka kama 40 tu. Uwanja wa mpira wa Arusha unaitwa kwa jina lake.

5. Je, sheria ni minyororo?

Wako waliompinga baadaye. Euphrase Kezilahabi, katika kitabu chake Kichomi cha mwaka 1974, alitunga mashairi bila kufuata vina na mizani. Sisi tunaona hivi: Kezilahabi aliziacha sheria akiwa anazijua. Asiyezijua hana kitu cha kuacha.

6. Na sisi wa Bukavu?

Patrice Lumumba naye alitunga shairi, likatoka katika gazeti la chama chake mwaka 1959. Alilitunga kwa Kifaransa. Tunamheshimu sana, lakini tunajiuliza: mama aliyekuwa anauza mihogo sokoni Kadutu siku zile, angelielewaje?

Sisi tunasoma hesabu, fizikia na jiografia kwa Kifaransa, na mtihani wa Serikali tunauandika kwa Kifaransa. Ni sawa, tusikiache. Lakini nyumbani tunasema «batoto banakuya», na mgeni wa pwani akitusikia anacheka. Wengine wetu wanaona haya, wananyamaza kabisa. Wengine wanasema Kiswahili ni kitu cha bure, hakina haja ya kujifunza. Wote wawili wamekosa. «Batoto banakuya» ni lugha ya mama zetu, hatuioni haya. Na Kiswahili cha kuandika ni mali yetu pia, kinatungoja tufanye kazi. Amri Abedi hakuzaliwa pwani. Alizaliwa kwenye ziwa, mbali na bahari kama sisi. Hakungoja mtu wa pwani amruhusu. Alijifunza, kisha akafundisha.

Kazi ya nyumbani

a) Kwa nini mwaka 1954 ni mwaka wa maana katika somo hili? Toeni sababu mbili.
b) Ongezeni mishororo miwili chini ya ile ya Ruzizi, ili ubeti utimie. Vina ni fu na vu.
c) Mjadala: je, mtu anaweza kuitetea nchi yake kwa lugha ambayo mama yake haisikii?

Pelekeni beti zenu kwa kapita wa darasa kabla ya Jumamosi. Zile zenye mizani kamili tutazichapa katika toleo linalofuata.