Nyota za Mbali na Lenzi ya Mvutano

Katika somo la nuru ulijifunza kwamba nuru husafiri katika mstari ulionyooka, na kwamba hupinda inapopita katika maji au kioo. Leo utajifunza kwamba kuna kitu kingine kiwezacho kuipinda nuru, nacho hakionekani kwa macho.

Kwanza fanya jaribio hili. Chukua kipande cha nailoni angavu, ukilaze juu ya ukurasa huu. Dondosha tone moja la maji juu ya neno "nyota". Tazama herufi kupitia tone hilo. Je, zimekuwaje? Sogeza nailoni polepole, uzitazame herufi zinapokaribia ukingo wa tone. Utaona kwamba zinapindika. Tone hilo ni lenzi. (Kausha nailoni kabla ya kuiondoa, wenzako wa mwaka ujao watakihitaji kitabu hiki.)

Sasa fikiri juu ya mvutano. Mvutano wa dunia ndio huliangusha embe kutoka mtini. Mvutano wa jua una nguvu zaidi, nao huzifanya sayari zilizunguke jua. Mwaka 1915 mwanasayansi Albert Einstein alieleza kwamba mvutano wa jua hupinda hata nuru ya nyota ipitayo karibu nalo. Jambo hili lilihitaji ushahidi. Lakini ni nani awezaye kuziona nyota kando ya jua mchana? Ilibidi kungoja siku ya kupatwa kwa jua.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 29 Mei, 1919. Mwingereza Arthur Eddington alikwenda kisiwa cha Príncipe, magharibi ya Afrika. Wataalamu wengine walikwenda Sobral, nchini Brazil. Asubuhi mvua kubwa ilinyesha Príncipe, na mawingu yakatanda. Giza la kupatwa lingedumu dakika tano tu! Eddington alipiga picha hivyo hivyo. Nyingi hazikufaa, lakini chache zilionyesha nyota. Picha za pande zote mbili zililinganishwa na picha za nyota zilezile zilizopigwa usiku, wakati jua halikuwa karibu nazo. Nyota zilionekana kama zimesogea kidogo. Kwa kweli hazikusogea. Nuru yake ndiyo iliyopindwa na jua. (Wewe usilitazame jua kwa macho matupu, hata linapopatwa.)

Jua letu ni nyota moja tu. Galaksi ni mkusanyiko wa mamilioni mengi ya nyota, na ziko galaksi nyingi zilizokaa pamoja kwa makundi. Mvutano wa kundi kama hilo ni mkubwa ajabu. Kundi likiwa katikati yetu na kitu kilicho mbali zaidi, huipinda nuru ya kitu hicho na kukikuza, kama tone lilivyozikuza herufi. Lenzi hiyo si safi kama ya kioo. Mara nyingi galaksi ya nyuma huonekana imevutwa kama upinde, au huonekana mahali pawili au zaidi.

Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba, kwa msaada wa lenzi ya namna hiyo, darubini ya Hubble izungukayo dunia ilikuwa imeona nyota moja waliyoiita Icarus. Nuru yake ilikuwa imekuzwa zaidi ya mara 2,000. Bila hivyo isingeonekana kabisa, kwa kuwa iko mbali mno. Nuru ya jua hutufikia kwa dakika 8 hivi. Nuru ya Icarus ilisafiri miaka milioni elfu tisa. Dunia yetu ina umri wa miaka milioni elfu nne na nusu hivi. Basi nuru hiyo ilipoanza safari, dunia haikuwapo.

Maswali

1. Kwa nini Eddington alihitaji kupatwa kwa jua?

2. Tone la maji na kundi la galaksi hufanana kwa jambo gani? Hutofautiana kwa jambo gani?

3. Je, tunaweza kujua kama Icarus ingali inawaka leo? Eleza sababu yako.