Mwalimu Mtarajiwa na Picha za Watoto wa Watu

Ewe kijana wa Pumwani au Kayole uliye katika mazoezi ya ualimu, jua ya kuwa wazazi watakutazama katika Facebook na TikTok kabla hujashika chaki. Uliyoyafuta jana huenda yamekwisha kunakiliwa.

Lakini lililo kubwa si picha yako; ni ya mtoto wa watu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data, ya mwaka 2019, yataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Basi yule uliyemrekodi akikosea hesabu ili watu wacheke, nani alikupa ruhusa? Sare yake yaitaja shule, na mitaa yetu imebanana: ploti nzima imekwisha kumwona. Iondoe leo, kisha umwendee mamake.