Sabufa Usiuze Kwanza

Ndugu mshauri, nina chumba cha kusikilizia muziki wa dansi, mita tatu na nusu kwa tatu na nusu. Kuta ni za tofali za saruji, chini marumaru, juu zege. Nikikaa katikati ya chumba besi siisikii kabisa. Nikisogea ukutani inavuma mpaka kifua kinatetema, tena noti ileile moja. Nilibandika trei za mayai ukuta mzima, sikuona tofauti. Sasa nataka kuuza sabufa yangu ya inchi 8 ninunue ya inchi 12. Unanishaurije?
Mpenda Dansi, Morogoro

Ndugu Mpenda Dansi, sabufa yako haina kosa. Ukileta ya inchi 12 mvumo wa ukutani utazidi, na katikati patabaki pakavu vilevile. Kosa ni la chumba, na vipimo ulivyonitajia vinatosha kulieleza.

Kwa joto la kwenu sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Gawanya kwa 7, yaani mita zako tatu na nusu kwenda na kurudi, utapata karibu 50. Basi sauti ya hezi 50 ikigonga ukuta na kurudi inajikuta yenyewe njiani: ukutani inajilimbikiza, katikati inajifuta. Na kwa kuwa chumba chako ni mraba, kuta za mbele na nyuma zinafanya hivyo, na za pembeni nazo zinafanya hivyo, kwa noti ileile. Gitaa la besi likipiga G ya freti ya tatu kwenye uzi mnene, hiyo ni hezi 49. Ndiyo noti yako. Kila mpigaji akiipita, chumba kinamjibu kwa kelele.

Dawa ya kwanza ni ya bure: ondoka katikati. Weka kiti kama mita 1.3 kutoka ukuta wa nyuma. Kisha ibebe sabufa uiweke juu ya kiti hicho, piga wimbo ambao besi yake inatembea juu na chini, nawe utambae kando ya kuta, sikio likiwa chini, usawa ambao sabufa itakaa. Ukifika mahali ambapo noti zote zinasikika kwa uzito unaokaribiana, sabufa ikae hapo. Usione aibu, mafundi wa studio nao hutambaa.

Trei za mayai zibandue leo. Unene wake ni sentimita chache, na wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba. Linapita kama hakuna kitu. Zinachofanya ni kupunguza kidogo sauti nyembamba, chumba kinafifia juu na mvumo wa chini unajitokeza zaidi. Tena zinashika moto upesi. Sponji nyembamba za mapambo ziko kundi hilohilo, ila hizo zinauzwa ghali.

Kinachomeza besi ni unene, na mahali pa kupata unene bila kupoteza chumba ni kwenye kona, ambako pia kuta mbili zinahudumiwa kwa mpigo mmoja. Kabla ya kumwita seremala, azima magodoro mawili manene, yasimamishe kwenye kona mbili, usikilize. Ukisikia noti ya G inakatika mapema zaidi, hata kwa kiasi kidogo, njia ni hiyo.

Seremala akutengenezee fremu za upana wa sentimita 60, kutoka sakafuni hadi darini, zikae mshazari kwenye kona. Nyuma yake jaza pamba ya mawe, ile inayofungiwa mabomba ya moto viwandani. Ukijaza kona nzima chukua iliyo nyepesi, maana iliyoshindiliwa sana hurudisha wimbi badala ya kulipokea. Vaa glavu na barakoa, inawasha. Funika kwa kanga au kitambaa chochote ambacho ukikipuliza kwa mdomo pumzi inapita. Kona zote nne ikiwezekana. Mbili hazitatosha katika chumba cha saruji, ambacho hakiachii kitu kitoke. Mlango ukiuacha wazi nao unasaidia, kama jirani ni mtu wa dansi.

Huenda ukahofu kwamba pamba yote hiyo itakunywea hata besi kidogo uliyo nayo. Itakuwa kinyume. Pale katikati besi haikukosekana, ilifutwa na wimbi lililorudi kutoka ukutani. Ukilidhoofisha hilo linalorudi, lile linalotoka kwenye spika linabaki na nguvu ya kukufikia. Watu wengi wakishaweka kona hizi hudhani wameongeza sabufa.

Ekwalaiza iache mwisho. Inafaa kushusha hezi 50 zinazovuma, lakini shimo haliwezi kulifukia: ukipandisha noti iliyofutwa, inayorudi nayo inapanda, zinafutana tena, na amplifaya inachemka bure. Ukitaka kuona badala ya kukisia, programu ya Room EQ Wizard haina malipo. Nunua tu maikrofoni ya kupimia, kwa sababu ya simu huku chini haiaminiki. Pima kabla ya fremu na baada ya fremu, maikrofoni ikiwa palepale kichwa chako kinapokaa.