Kutafuta Mabomu kwa Penseli: Namna ya Kucheza Fumbo la Vitu Vilivyofichwa

Mchezo wa kutafuta mabomu ni fumbo la namba. Vitu kadhaa vimefichwa ndani ya visanduku, na mchezaji anatakiwa kugundua kila kimoja kilipo bila kukigusa. Kisanduku kikifunguliwa na kuonekana ni salama, hutoa namba inayoeleza mabomu mangapi yamejificha katika visanduku vinavyokizunguka, vikiwemo vile vinavyogusana nacho kwenye pembe. Kisanduku cha katikati kina majirani 8, cha ukingoni kina 5 na cha pembeni kabisa kina 3. Atakayefungua kisanduku chenye bomu ameshindwa. Atakayemaliza visanduku vyote salama ameshinda.

Wengi waliufahamu kupitia kompyuta. Minesweeper, iliyotungwa na Robert Donner na Curt Johnson wa Microsoft, iliingizwa ndani ya Windows 3.1 mwaka 1992, ikazoeleka maofisini duniani kote. Kompyuta hata hivyo si lazima. Nakapanya, kata ya mkoa wa Ruvuma iliyo kwenye barabara ya Tunduru kwenda Masasi, mchezo huu unaweza kuchezwa kibarazani kwa daftari la hesabu lenye miraba, penseli na ufutio. Asiye na daftari achore mistari mchangani na kuweka alama kwa korosho. Tena mchezo wa karatasi una faida ambayo skrini haina: anayeficha analazimika kuhesabu namba zote mwenyewe, na kwa kufanya hivyo anaujua mchezo haraka kuliko anayetafuta.

Wachezaji ni wawili. Mfichaji anachora jedwali la visanduku 25, yaani 5 kwa 5, safu zake zikiitwa A hadi E kutoka kushoto na mistari yake ikiitwa 1 hadi 5 kutoka juu. Anaweka mabomu 3 anapotaka, kisha anajaza namba za visanduku vyote vilivyobaki na kuzihakiki mara mbili kabla mchezo haujaanza. Hapa ndipo uzembe mdogo huharibu kila kitu, kwa sababu namba moja ikikosewa, mtafutaji mwenye akili timamu atafikiri sawasawa na bado ataangukia bomu. Mtafutaji naye anachora jedwali tupu na kuambiwa idadi ya mabomu. Akitaja kisanduku, mfichaji anamjibu namba yake. Ikiwa ni sifuri, anapewa pia namba za majirani wote, na sifuri nyingine ikijitokeza humo, majirani zake nao wanatajwa. Kisanduku cha kwanza kabisa hakiui. Kikiwa na bomu, mfichaji analihamisha na kurekebisha namba zake.

Pa kuanzia ni kwenye pembe. Katika jedwali hili, uwezekano wa kupata sifuri kwenye pembe ni kama 66 kwa 100, na katikati ni kama 28 kwa 100 tu. Sifuri ya mwanzo hufungua eneo zima, na bila eneo lililofunguliwa hakuna namba za kulinganisha.

Tuseme mtafutaji ametaja A1 na kupata sifuri. A2, B1 na B2 nazo zinatokea kuwa sifuri, na pembezoni mwa eneo hilo zinabaki namba tano: C1 ina 1, C2 ina 2, C3 ina 2, B3 ina 1 na A3 ina 1. Visanduku 16 bado havijafunguliwa. Anayeanza huitazama C3 yenye majirani wengi wasiojulikana na kukata tamaa. Hapo hapafai kuanzia. Ianzwe na namba yenye majirani wachache waliofichika.

C1 ina majirani wawili tu waliofichika, D1 na D2, na inasema bomu ni moja. Liko D1 au D2, hakuna pengine. Jirani yake C2 inawaona hao hao wawili na kuongeza D3, nayo inadai mabomu mawili. D1 na D2 kwa pamoja zina bomu moja, kwa hiyo la pili lazima liwe D3. Bomu la kwanza limepatikana bila kubahatisha. Upande wa chini hesabu ni ile ile, ila inazaa kinyume chake. A3 inasema kati ya A4 na B4 kuna bomu moja. B3 inawaona hao na kuongeza C4, lakini bado inadai bomu moja tu, kwa hiyo C4 ni salama.

Kutoa namba moja kwenye nyingine namna hii ndiyo roho ya mchezo wote. Namba mbili zilizo jirani zinashirikiana majirani, na tofauti yao inaangukia kwenye visanduku ambavyo moja inaviona na nyingine haivioni. Mchezaji anayesoma namba mojamoja atakwama mapema, hata awe na subira kiasi gani.

Sasa idadi ya jumla inaingia kazini, na wengi huisahau. Mabomu ni 3. Moja ni D3, moja liko D1 au D2, na moja liko A4 au B4. Yametimia. Visanduku vingine vyote 11 ni salama, hata vile ambavyo havigusani na namba yoyote. Mtafutaji anavifungua kimoja kimoja, na akifika E3 anapata 1. E3 inagusana na D3, ambayo tayari ina bomu, kwa hiyo D2 ni salama na bomu liko D1. Arudi sasa kwenye ile C3 iliyomtisha mwanzoni. Inadai mawili, na kati ya majirani zake waliobaki ni D3 na B4 tu wanaoweza kuwa na bomu. Bomu la tatu ni B4, A4 inafunguliwa, mchezo umekwisha.

Zipo sura za namba zinazojirudia kiasi kwamba mzoefu huzitambua kwa jicho. Maarufu zaidi ni 1, 2, 1 zilizopangana kwenye mstari ulionyooka, visanduku visivyojulikana vikiwa upande mmoja tu. Mabomu huwa mkabala wa zile 1, na kisanduku kilicho mkabala wa 2 ni salama. Ni vizuri kujithibitishia kabla ya kuikariri: kama bomu lingekuwa mkabala wa 2, kila 1 ingekuwa imeshapata bomu lake, na ile 2 ingekosa mahali pa kulipata la pili.

Kuna nyakati mantiki inaishiwa. Visanduku viwili vinabaki, bomu ni moja, na namba zote zinakubaliana na mahali popote pale. Hapo kubahatisha ni halali. Kabla ya hapo si halali, na mara nyingi anayesema amekwama hajailinganisha namba ya mwisho na jumla ya mabomu. Ugumu wa fumbo hili ni wa kweli: mwaka 2000 Richard Kaye, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, alithibitisha kwamba kuamua kama jedwali la namba linaweza kuwa na mpangilio halali wa mabomu kumo katika kundi la maswali ambayo hakuna ajuaye njia ya haraka ya kuyatatua yote.

Watoto wa wilaya ya Tunduru wanastahili kuambiwa pia kwamba mabomu halisi ya ardhini hayatoi namba. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji iliishi na mabomu yaliyotegwa tangu vita vya ukombozi hadi ilipotangazwa kuwa huru nayo mwaka 2015. Katika kazi hiyo walitumika panya buku waliofundishwa Morogoro na shirika la APOPO, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya hawa hunusa baruti, na uzito wao ni mdogo mno kuweza kulipua bomu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi humalizwa na panya mmoja kwa takriban nusu saa. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Anayeona chuma asichokijua shambani asikisogelee wala kukigusa, awaite polisi.

Kwenye karatasi, aliyeshinda mara kadhaa bila kubahatisha aongeze jedwali liwe 6 kwa 6 lenye mabomu 5, kisha 8 kwa 8 lenye mabomu 10. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa la wanaoanza katika Minesweeper ya mwaka 1992.