Kabla ya Kumpa Mtetezi Jina Lako: Taarifa Binafsi na Vikundi vya Wacheza Poka

Katika somo hili tunazungumzia jambo ambalo wengi hulitenda kwa dakika mbili tu: kujaza fomu ya kikundi cha utetezi kwenye intaneti. Mfano tuliouchagua ni vikundi vinavyotetea haki ya kucheza poka, mchezo wa karata unaochezwa kwa fedha, kupitia intaneti nchini Marekani. Mchezo huo huruhusiwa katika baadhi ya majimbo na kukatazwa katika mengine. Hivyo jina lililomo katika orodha ya wachezaji lina uzito ambao jina lililomo katika orodha ya wapenda bustani halina.

Hatukusudii kumhimiza mtu acheze, wala kumzuia asidai mabadiliko ya sheria. Kuwapelekea wabunge malalamiko ni haki inayolindwa na Katiba ya Marekani. Tunataka tu msomaji afahamu kwamba mtu anayekutetea si lazima awe mtu anayewajibika kisheria kukutunzia siri. Mambo hayo mawili ni tofauti, na fomu nyingi huyachanganya.

Vikundi hivi vilitoka wapi

Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia malipo ya kamari haramu kwenye intaneti. Sheria hiyo iliwalenga zaidi wanaopokea na kupitisha fedha kuliko mchezaji mwenyewe. Tarehe 15 Aprili 2011, waendesha mashtaka wa serikali kuu mjini New York walitangaza mashtaka yaliyowahusu waendeshaji wa PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker. Wachezaji wengi wa Marekani walijikuta hawawezi kuzifikia fedha walizokuwa wameziweka, na wengine walisubiri kwa miaka. Mwaka 2013 majimbo ya Nevada, New Jersey na Delaware yalianza kuruhusu mchezo huo chini ya leseni zao.

Katika mazingira hayo wachezaji walihitaji sauti ya pamoja. Poker Players Alliance, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2005, kilifika mahali pa kutangaza kwamba kina wanachama zaidi ya milioni moja. Nguvu ya kikundi cha namna hii haimo katika jengo wala katika samani za ofisi. Imo katika orodha ya majina. Orodha ndiyo inayomfanya mbunge asikilize, na orodha hiyo hiyo ndiyo mali ambayo wengine wangependa kuipata.

Kinachoombwa kwa haki na kinachozidi

Mbunge huwasikiliza kwanza watu wa eneo analoliwakilisha. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435 wenye kura, na kila mmoja ana wilaya yake. Kikundi kikitaka barua yako imfikie mwakilishi wako, hakina budi kujua unakaa wapi. Kwa hiyo kuombwa jina, anwani ya makazi, msimbo wa posta na baruapepe si jambo la kutilia shaka. Bila hayo, barua yako huenda isihesabiwe.

Lakini fomu huweza kuendelea mbele ya hapo. Huuliza unacheza mara ngapi kwa wiki, katika tovuti ipi, kwa jina gani la mchezaji, umepoteza au unadai kiasi gani, unafanya kazi wapi. Mara nyingine hukuachia nafasi tupu na kukuomba usimulie habari zako. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mbunge anakihitaji ili ajue kwamba wewe ni mkazi wa wilaya yake. Hapo ndipo pa kusimama na kujiuliza: swali hili linaisaidia barua yangu, au linainenepesha orodha yao?

Pengo lililomo katika sheria

Watu wengi hudhani kwamba ulinzi wanaoupata kwa muuzaji wa bidhaa wanaupata pia kwa kikundi cha utetezi. Mara nyingi sivyo.

Tume ya Biashara ya Serikali Kuu, ambayo huziadhibu kampuni zinazovunja ahadi zao za faragha, kwa kawaida haina mamlaka juu ya taasisi zisizotafuta faida. Sheria ya faragha ya California nayo, ijapokuwa ni kali kwa wafanyabiashara, kwa kawaida haizigusi taasisi hizo. Colorado na Oregon ni miongoni mwa majimbo machache ambayo sheria zake za faragha huzihusisha. Kwa hiyo kinga yako hutegemea sana mahali unapoishi.

Kadhalika, sheria ya mwaka 2003 inayompa mtu haki ya kukataa baruapepe za matangazo inahusu ujumbe wa biashara. Ujumbe wa kisiasa haumo. Orodha ya kitaifa ya namba zisizotaka kupigiwa simu na wauzaji haiwazuii wapiga simu wa kisiasa. Simu yenye sauti iliyorekodiwa haitakiwi kupigwa kwa simu ya mkononi bila idhini ya mwenye namba, lakini mtu huweza kuitoa idhini hiyo bila kutambua, kwa kuandika namba yake kwenye fomu na kukubali masharti asiyoyasoma.

Msomaji mwenye kumbukumbu ya historia huenda akauliza: je, Mahakama ya Juu haikuzilinda orodha za wanachama? Iliziĺinda, na kwa uzito mkubwa. Mwaka 1958, katika kesi ya NAACP dhidi ya Alabama, mahakama hiyo ilikataa jimbo la Alabama kulilazimisha shirika lililotetea haki za Wamarekani Weusi kulikabidhi majina ya wanachama wake. Lakini tuangalie vema kilichoamuliwa. Hukumu ile ilimzuia mtawala asiinyang'anye orodha. Haikukizuia kikundi chenyewe kuikodisha, kuiuza au kumpa mshirika wake. Kinachoweza kukizuia ni ahadi kilichoiandika katika sera yake ya faragha, pamoja na uaminifu wake.

Jina linaweza kufika wapi

Tutoe mifano mitatu inayowagusa moja kwa moja wasomaji wetu, hasa waliohamia nchi hii.

Wa kwanza ni wa jimbo la Washington. Kwa sheria ya mwaka 2006, kamari ya intaneti katika jimbo hilo iliwekwa katika daraja la makosa makubwa ya jinai, na sheria haikumwacha mchezaji. Tuseme mkazi wa Seattle anaandika katika ile nafasi tupu: “Nimekuwa nikicheza kila usiku kutoka nyumbani kwangu kwa miaka mitatu.” Yeye anadhani ametoa hoja, kumbe ameweka maungamo kwa maandishi, yakiwa na jina na anwani yake, mikononi mwa watu asiowajua. Angeweza kuandika “Naomba sheria ibadilishwe” na hoja yake isipungue hata kidogo.

Wa pili unamhusu anayetarajia kuomba uraia. Sheria ya uhamiaji humhesabu mtu kuwa hana mwenendo mwema ikiwa, katika kipindi kinachochunguzwa, kipato chake kimetokana hasa na kamari haramu, au amepatikana na hatia ya makosa mawili au zaidi ya kamari. Kutia sahihi ombi kwa mbunge si kosa na hakumwingizi mtu katika fungu hilo. Lakini kuandika kwamba unaishi kwa mchezo huo, katika jimbo lisiloruhusu, ni neno ambalo huwezi kujua litasomwa wapi.

Wa tatu ni wa michango. Baadhi ya vikundi huwa na mfuko wa kamati ya kisiasa kando ya mfuko wa uanachama. Michango ya mtu mmoja kwa kamati ya namna hiyo katika ngazi ya taifa ikizidi dola 200 kwa mwaka, jina lake, anwani, kazi na mwajiri wake huandikwa katika taarifa ambayo umma unaweza kuisoma. Sheria inakataza majina hayo kutumiwa kwa biashara au kuombea michango, lakini haimkatazi jirani wala mwajiri kuyasoma. Aidha, asiye raia wala mkazi wa kudumu haruhusiwi kabisa kuchangia mfuko huo. Basi kabla ya kubonyeza pa kulipia, soma fedha zinaingia mfuko upi.

Mambo ya kufanya kabla ya kujiunga

1. Soma sera ya faragha, na ndani yake tafuta maneno “washirika”, “kukodisha” na “wahusika wengine”. Sera isiyosema lolote juu ya kugawa orodha haijakuahidi kwamba haitagawiwa.

2. Tazama nani anakifadhili kikundi. Fedha zikitoka kwa kampuni za mchezo wenyewe, si kosa, ila ni vema kujua nani huenda akapendezwa na anwani yako.

3. Jaza sehemu zenye alama ya lazima tu. Ikiwa swali la lazima halihusiani na kumfikia mbunge, acha fomu hiyo.

4. Tumia baruapepe ya pembeni, isiyo ile ya benki wala ya akaunti ya mchezo.

5. Usitoe kamwe namba ya Social Security, nywila, wala jina lako la mchezaji. Hakuna ombi la bungeni linalohitaji vitu hivyo.

6. Kumbuka kwamba unaweza kumwandikia mbunge wako wewe mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kikundi chochote.

Ikiwa umeshatoa

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yanaweza kuzuiwa yasienee zaidi. Kiandikie kikundi, uombe kuondolewa katika orodha, na uulize taarifa zako zimepewa nani. Hifadhi nakala ya barua. Jihadhari na simu au ujumbe unaodai kukurudishia fedha za akaunti ya zamani: tapeli anayejua ulicheza wapi na unadai kiasi gani huaminika upesi. Majimbo yote 50 yana sheria za kuwaarifu watu taarifa zao zinapovuja, ila kwa kawaida sheria hizo huhusu vitu kama namba ya Social Security au akaunti ya benki. Orodha ya majina na anwani peke yake inaweza kuvuja usiambiwe. Ukiona umedanganywa, peleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kikundi cha utetezi kina haki ya kukuuliza anwani yako, na kwa nini hakihitaji kujua unacheza mara ngapi?

2. Hukumu ya mwaka 1958 ilimzuia nani kuichukua orodha ya wanachama, na haikumzuia nani kuigawa?

3. Andika upya sentensi hii ili hoja ibaki na siri isitoke: “Nacheza kila siku bila leseni, naomba sheria ibadilishwe.”