Chui Mmoja, Majina Mengi

Mnyama tumwitaye chui huitwa ingwe kwa Kirundi, ngo kwa Kiganda na nyalugwe kwa Kinyanja. Wataalamu humwita Panthera pardus. Hapa Ilembo jambo hili si la mchezo: jirani zetu wa asili ya Burundi, waliokimbia machafuko ya mwaka 1972 na kukaa Katumba, wakipaza sauti "Ingwe!" usiku, yatupasa tuelewe mara moja. Chui huwinda gizani. Madoa yake ni kama pete zilizokatika. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, na mistari miwili itokayo machoni hadi kinywani. Basi tuwafundishe watoto majina hayo, na mbuzi walale katika zizi imara.